Je, wajua kwa nini behewa la SGR, reli mpya yenye upana mkubwa zaidi, haliwezi kupanda MV Umoja, meli ya Ziwa Victoria inayobeba mabehewa?

Behewa lililopakiwa Dar es Salaam linaweza kufika Uganda bila kufunguliwa hata mara moja. Huvutwa na Reli ya Kati hadi Tabora, hushika tawi lililofika Mwanza mwaka 1928, kisha bandarini Mwanza Kusini kichwa cha treni hulisukuma polepole mpaka ndani ya MV Umoja. Sitaha ya meli hiyo ina reli. Mabehewa hugawanywa kushoto na kulia ili meli isilalie upande mmoja, yakafungwa imara, na kwenye bandari ya Port Bell, Uganda, yakavutwa nje.

Kinachowezesha yote hayo ni milimita 1,000, upana wa reli ya zamani ya Tanzania, Kenya na Uganda, na wa reli za melini. SGR inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, ina upana wa milimita 1,435. Magurudumu yake hayawezi kukaa juu ya reli za Umoja.

Mkopo wa reli nao hugharimia kipande tu, kutoka stesheni hii hadi ile, si safari nzima ya mzigo. Miaka ya nafuu ya mwanzo ikiisha, deni hulipwa, shehena iwepo isiwepo. Kenya ilikopa Benki ya Exim ya China, na SGR yake ikaishia Naivasha mwaka 2019, mbali na Kisumu na mpaka wa Malaba. Ikabidi kuiunganisha na reli ya zamani, makontena ya kwenda Uganda yahamishwe kwa kreni. Tangu 2013 waagizaji wa Kenya hulipa tozo ya reli, hata yule ambaye mzigo wake umesafiri kwa lori.

Katika kuhamisha mzigo kutoka reli moja hadi nyingine, kontena lina nafuu, kwani futi 20 ni zilezile popote. Kazi iko kwenye magunia: hubebwa moja moja, mengine huchanika, na behewa husubiri.

Mwanza ina bahati moja. Tofauti ya milimita 435 inatosha kulaza chuma cha tatu kwenye njia ileile, aina zote mbili za mabehewa zikafika gati moja, mradi mataruma, yaani vilalio vya reli, yawe marefu tangu mwanzo. Si kila mahali inawezekana: TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ina milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia. Tofauti yake na Reli ya Kati ni milimita 67, finyu kuliko kitako cha reli yenyewe. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.