Mzia hamuwindi mwogeleaji

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye makundi ya simu, eti mzia, yaani samaki wa baharini aitwaye pia barakuda, wakiingia maji ya ndani ya mwamba, kati ya mwamba na ufuo, hunusa damu ya binadamu toka mbali na kumfuata anayeogelea ili wamle.

Si kweli. Mzia huwinda kwa macho. Hutulia majini karibu bila kutikisika, kisha hufyatuka ghafla kumpiga samaki anayemetameta: dagaa, chaa, mkizi, pengine ngisi. Mzia wachanga hukulia mikokoni na kwenye nyasi za bahari, wakila samaki wadogo na kamba. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Nenda dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mzia wanapopasuliwa, umwombe muuzaji akuoneshe tumbo. Utakuta samaki, mara nyingi wamekatwa vipande, au tumbo tupu.

Hofu yenyewe naielewa. Meno ya mzia yanatisha hata akiwa mezani, na ana tabia ya kumfuata mpiga mbizi kwa udadisi tu. Watu wamewahi kuumwa, ila ni nadra sana, na kwa kawaida palikuwa na maji ya tope, mkufu unaong'aa, au mvuvi aliyefunga samaki kiunoni.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unawatisha kina mama wanaochokoa pweza na watoto wanaojifunza kuogelea, huku tahadhari ya kweli ikisahaulika: vua vito, epuka kuoga kwenye maji ya tope, na samaki uliyemchoma mkuki mpandishe chomboni mara moja.