Brood: Kiswahili chake kinategemea unamuongelea nani

Kazi yangu ni kufundisha ufugaji nyuki huku Tabora. Sasa kuna kipeperushi tuliletewa, kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, nikakibeba hivohivo mpaka kijiji kimoja cha Sikonge bila kukipitia (kosa langu hilo), nikaanza kuwasomea watu, "kagua sehemu ya kuatamia." Mzee mmoja akanikata palepale, "Mwalimu, nyuki wameanza kuatamia lini? Wangu mbona sijawahi kuwawekea kiota?" Watu wakavunjika mbavu.

Shida ni neno la Kiingereza, brood. Aliyetafsiri alifungua kamusi akakutana na kuatamia akaliweka, na kwa kuku yuko sawa kabisa, kuku anakalia mayai siku 21 na usimsogelee. Ila kwa nyuki brood ni majana, na hilo neno wafugaji wanalo toka zamani, hakuna wa kuwafundisha. Yaani yai, funza na yule aliyefungiwa anageuka kuwa nyuki, wote hao ni majana. Yai siku 3, afu funza analishwa kama siku 6 hivi, afu wanamfunikia na nta mpaka atoke, kwa nyuki mfanyakazi jumla inakuja kama siku 20.

Na hapa kwenye majana ndo pa kuwa makini maana ukikosea unajilipisha mwenyewe. Kawaida majana yanakaa katikati, chavua inayazunguka, asali iko juu na pembeni. Kifuniko cha majana ni cha kahawia na kimetuna kidogo, cha asali mara nyingi ni cheupe zaidi na kimelala. Mtu anayerina usiku kwa haraka kwenye mzinga wa gome anakata vyote anakamua pamoja, maji ya majana yanaingia kwenye asali, asali inachacha, na nyuki wa kesho ameshawaua. Wapo wanaoyala, sibishani nao, matamu kweli, ila ya kwenye ndoo ya kuuza hapana.

Sasa Waingereza hawaishii hapo. Vifaranga walioanguliwa mkupuo mmoja nao ni brood, na lile banda la kuwapa joto, wiki ya kwanza nyuzi kama 32 mpaka 35, sisi tunaliita bruda, limetoka hukohuko. Ukishuka Kigoma, Ziwa Tanganyika limejaa samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu zake sato, wengi wao mama anabeba mayai mdomoni mpaka vitoto vitoke, na hiyo nayo wanaiita brood. Afu yupo mjanja mmoja wa jamii ya gogogo, anapenyeza mayai yake wakati wenzie wanataga, mama wa watu anayazoa anayalea mdomoni, na vitoto vya mgeni vinakula vya mwenye nyumba! Huko Marekani nyenje wanaokaa ardhini miaka 13 au 17 nao wanahesabiwa kwa brood, mwaka 2024 makundi mawili yalitoka pamoja, na hayohayo mawili mara ya mwisho kutoka pamoja ilikuwa 1803.

Na mtu? Mtu aliyejiinamia anawaza jambo moja kutwa nzima, Mwingereza anasema ana-brood, kama kuku juu ya yai. Sisi tunasema kashika tama. Tama ni shavu, halina undugu na kuatamia hata kama yanafanana masikioni, msije mkanizulia huko mtaani.

Kilichonikamata mimi ni asili ya neno lenyewe. Brood ni ndugu wa breed, na huko mizizini kwenye lugha za Kijerumani za kale maana yake inarudi kwenye joto, kitu kilichotoka kwa kupashwa moto. Na ukifikiria, majana yanahitaji nyuzi 34 mpaka 35, kukiwa na baridi nyuki wanajibandika juu ya masega wanatetemesha misuli ya mabawa huku mabawa yenyewe yametulia, ndo wanatoa joto. Sasa hiyo si kuatamia jamani?

Niliporudi Sikonge nilishakata lile neno kwa kalamu nikaandika majana, ila nikamweleza mzee habari ya joto. Akanyamaza kidogo. "Kumbe wanaatamia kweli," akasema, "ila mwalimu, liache hilohilo la majana, watatucheka."