Minyoo ya Uzi kwa Watoto: Shule Isaidie Vipi Familia?

Swali: Minyoo ya uzi ni ipi?
Ni minyoo midogo myeupe, yenye urefu wa takriban sentimita moja, inayoishi katika utumbo mpana. Usiku mtoto akiwa amelala, mnyoo jike hutoka na kutaga maelfu ya mayai kuzunguka njia ya haja kubwa. Mtoto hujikuna, na asubuhi mayai yako chini ya kucha zake.

Swali: Mwanangu alishameza dawa shuleni. Haitoshi?
Haitoshi. Hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, hili ndilo jambo tunalolazimika kulirudia kila mara. Kidonge cha albendazo kinachotolewa shuleni pamoja na dawa ya kichocho kina faida kubwa, lakini huua minyoo bila kuua mayai, na mayai yaliyobaki kwenye shuka, mkeka na nguo za ndani huweza kukaa wiki mbili hadi tatu yakiwa bado yanaambukiza. Mtoto aliyetibiwa analala mkeka mmoja na wadogo zake ambao hawajatibiwa, kisha mama anarudi akilalamika kuwa dawa ya shule ni feki. Dawa haina tatizo, mama. Nyumba ndiyo haikutibiwa. Wote wanaoishi humo wameze dawa siku moja na warudie baada ya wiki mbili, isipokuwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili, ambao ni lazima kwanza waonwe na mhudumu wa afya.

Swali: Hata baba asiyejikuna?
Hata yeye. Wengi wenye minyoo hii hawasikii lolote, lakini wanaambukiza.

Swali: Shule ifanye nini hasa?
Iwape wazazi barua siku kadhaa kabla ya dawa kutolewa, ili familia nzima ijipange kutibiwa siku hiyohiyo. Kisha iondoe beseni. Bado tunaona darasa zima la awali likichovya mikono katika beseni moja kabla ya uji, na mtoto wa mwisho akinawa kwa maji yaliyokwisha kuwa na rangi ya udongo, jambo ambalo ni kuambukizana tu. Badala yake iweke kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linalochiriza maji, ambacho hutengenezwa kwa dumu la lita tano, kamba na kipande cha sabuni. Hakuna shule inayoshindwa. Kucha zikaguliwe kila wiki, lakini tunawaomba walimu wasimtaje mtoto mstarini wala wasimrudishe nyumbani, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa huficha na tiba huchelewa.

Swali: Je, peremende huleta minyoo?
Hapana. Mayai humezwa kutoka mikononi.

Swali: Tukimpaka mafuta ya taa?
Msifanye hivyo kabisa. Huunguza ngozi na hayaui minyoo iliyo tumboni. Kwa watoto wa kike minyoo huweza kuingia ukeni na kuleta muwasho na uchafu, nasi huletewa binti aliyeoshwa kwa maji ya chumvi miezi mingi bila kupata tiba. Mleteni zahanati mapema, tena asubuhi kabla hajaoga wala kwenda haja, kwa kuwa mayai huonekana vizuri kwa selotepu iliyobandikwa kwenye ngozi wakati huo, ilhali kipimo cha choo mara nyingi hakiyaoni.