Hakuna Wakili Anayeweza Kukuhakikishia Viza

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba wakala mzuri wa uhamiaji ni yule mwenye "mtu wake" ubalozini, anayeweza kuahidi kwamba viza itatoka. Imani hiyo si ya kweli, na imewamalizia wengi akiba zao. Uamuzi wa kutoa viza ni wa serikali husika. Wakili au mshauri mwenye leseni kazi yake ni kueleza sheria, kupanga vielelezo na kumwakilisha mteja. Anayeahidi matokeo anauza kitu asichokuwa nacho.

Leseni nayo haithibitishwi kwa cheti kilichotundikwa ukutani. Nchini Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila sifa au usajili ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1999, na chombo cha sasa cha kusimamia washauri wa uhamiaji nchini Kanada kilianza kazi mwaka 2021. Orodha za waliosajiliwa ziko wazi mtandaoni, kwa hiyo zifungue mwenyewe na utafute humo jina la mshauri wako, badala ya kubofya kiungo alichokutumia.

Kisha tazama fomu ya maombi ya viza. Ikiwa umemlipa mtu aijaze, lakini sehemu ya jina la mwakilishi ameiacha tupu, huyo anajificha. Ninawasihi wasomaji wasilipuuze jambo hili, kwa sababu sahihi ni ya mwombaji: nchini Kanada, taarifa za uongo zinaweza kumzuia kuingia kwa miaka 5, hata kama aliyeziandika ni wakala.