Mtu mmoja hali njama

Njama ni shauri la siri la watu wawili au zaidi, lenye nia ya kutenda uovu. Maana yake ni hiyo tu, na ningeishia hapo kama neno hili lisingebandikwa siku hizi kwenye kila mlango unaofungwa bila maelezo. Juzi kijana wa jirani yangu alinisimulia kisa cha Sunspot, kituo cha kuchunguza jua kule Marekani kilichofungwa ghafla, akamalizia kwa uhakika kabisa: "Ile ilikuwa njama, mzee." Nikamuuliza, nani alikula na nani? Akanyamaza.

Hilo "kula" ndilo watu wanalolipita haraka. Tunasema kupanga njama, ndiyo, lakini usemi wetu wa asili ni kula njama, na ndugu zake ni kula kiapo na kula yamini. Katika jamii nyingi za huku kwetu, kiapo kiliendana na kitu cha kutiwa kinywani, kimdhuru atakayekivunja. Najua kitenzi hiki kinabeba mengi, maana hasara nayo tunaila, na rushwa pia. Lakini hasara unaweza kuila peke yako. Njama huwezi. Ndiyo maana mahakamani, anayeshtakiwa kwa kula njama lazima ithibitishwe kwamba alipatana na mwenzake, hata kama mwenzake huyo hajakamatwa.

Siri ni kitu kingine. Daktari ana siri, mama ana siri, mpelelezi ana siri. Siri ni jambo lililofichwa, wala neno lenyewe halisemi kama limefichwa kwa wema au kwa ubaya.

Sasa turudi Sunspot. Kituo hicho cha kuchunguza jua kiko kwenye milima ya Sacramento, jimbo la New Mexico. Tarehe 6 Septemba 2018 kilifungwa ghafla, wafanyakazi wakaondolewa, na posta ya hapo nayo ikafungwa. Taasisi iliyokuwa ikisimamia kituo, AURA, ilisema tu kwamba ni suala la usalama. Maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walifika, na sherifu wa kaunti ya Otero, Benny House, akasema hadharani kwamba hawakumweleza kinachoendelea. Alitaja pia helikopta ya Black Hawk, na watu waliokuwa wakishughulika kwenye antena na minara.

Siwacheki waliotia shaka. Kambi ya jeshi la anga ya Holloman haiko mbali, wala uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands. Roswell, mji uliojulikana dunia nzima kwa habari za sahani zirukazo za mwaka 1947, uko jimbo hilohilo. Kama sherifu mwenyewe haambiwi, raia afikirie nini? Wengine wakasema viumbe wa anga za mbali wameonekana, wengine kwamba jua linakaribia kutulipukia na wakubwa wanatuficha. Hili la pili lilipimika palepale: setilaiti za SOHO na SDO ziliendelea kulitazama jua, na picha zake ziko wazi kwa yeyote.

Kituo kilifunguliwa tarehe 17. AURA ikaeleza kwamba kulikuwa na uchunguzi wa jinai, kwamba mshukiwa alihofiwa kuwa hatari kwa wafanyakazi na wakazi, na kwamba kutangaza mapema kungemshtua na kuvuruga uchunguzi. Hati za mahakama zilizotolewa baadaye zilionyesha FBI walikuwa wakifuatilia picha za unyanyasaji wa watoto kingono, zilizodaiwa kupitishwa kwenye mtandao wa kituo, na aliyeshukiwa alikuwa mfanya usafi.

Mtu mmoja. Siri ilikuwepo, tena nzito, na walioitunza walikuwa na sababu. Uovu uliokuwa ukichunguzwa ulidaiwa kuwa wa mtu mmoja. Pande zote mbili ukizitazama, hakuna aliyekula njama na mwenzake.

Tatizo jingine ni kukata maneno. "Nadharia ya njama" ni dai kwamba njama ipo. Dai hilo laweza kuwa kweli au uongo. Ukiangusha "nadharia ya" ukabaki na "njama", hutoi dai tena, unatoa hukumu. Na wale waliokula njama kwelikweli wananufaika, kwa sababu neno tulilolitenga kuwataja limeshachakaa kwa kutumika kila mahali.

Kijana wangu nilimwambia hivi: ukikuta geti limefungwa na walinzi hawasemi, sema "wana siri". Ukiwa na wasiwasi nao, sema "nawashuku", ni haki yako. Siku utakayojua ni akina nani walikaa pamoja na walikubaliana kutenda nini, hapo sema wamekula njama, nami nitakusikiliza hadi mwisho.