"Watson alikuwa wapi?" Dhana tulizobishania baada ya episodi moja ya Elementary

Jumapili jioni huwa tunakutana Umoja kwa rafiki yetu mwenye televisheni kubwa na subira ya kutosha. Tunakuwa sita, siku nyingine wanane. Mmoja huleta soda, mwingine viazi karai, nami huleta flashi, kwa kuwa ndimi ninayepita kwa kijana wa duka la muvi. Kwa miezi mitatu sasa tumekuwa na Elementary, tamthilia ya CBS iliyomtoa Sherlock Holmes kwenye London ya kale ikamweka New York ya leo, akiwa mtu aliyeacha heroini. Watson wake ni mwanamke, Joan, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Wamecheza Jonny Lee Miller na Lucy Liu. Ilianza 2012 ikaisha 2019, kwa hivyo ni ya zamani, lakini kwetu sisi ni mpya.

Jumapili iliyopita tukafika mwisho wa msimu wa 3, episodi ya 24, "A Controlled Descent", iliyorushwa mara ya kwanza Mei 14, 2015. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa. Oscar, mtu wa siku zile za unga, anamteka Alfredo, aliyekuwa sponsa wa Sherlock, yaani yule aliyetangulia kuacha akamshika mkono mwenzake. Kisha anamburuta Sherlock huku na huko mjini wamtafute dada yake Oscar. Watson anashika njia nyingine kumtafuta Alfredo, na anampata akiwa hai. Sherlock anapata habari kwamba rafiki yake yuko salama. Anampiga Oscar. Halafu anakichukua kikopo cha heroini cha Oscar.

Chumba kizima kikanyamaza. Hata mtoto wa mwenye nyumba, ambaye huwa hanyamazi, alinyamaza. Kisha watu wote wakaanza kusema kwa pamoja, na mengi waliyoyasema nimeyasikia maisha yangu yote, matangani, kwenye matatu, jikoni kwa shangazi. Nimeona niyaandike.

"Watson alikuwa wapi? Rafiki wa kweli hangemwacha aanguke."

Hili ndilo lililopigiwa kelele zaidi. Jamaa mmoja, fundi wa friji, alisimama kabisa. "Huyu mama aliajiriwa amlinde! Kazi yake ilikuwa nini sasa?"

Tuanze na tamthilia yenyewe. Ni kweli Watson aliajiriwa. Baba yake Sherlock alimlipa akae na mwanawe wiki sita tu baada ya kutoka kwenye matibabu, na mkataba huo uliisha kwenye msimu wa kwanza. Alibaki kwa hiari yake, akawa mpelelezi mwenzake. Kwa hivyo anayedai kwamba kufikia msimu wa 3 Watson alizembea kazini anamdai mtu deni lililolipwa zamani. Isitoshe, wakati ule alikuwa akiokoa maisha ya Alfredo. Mtu hawezi kuwa Ngara na Kasarani saa hiyo hiyo.

Lakini hoja nzito iko nje ya televisheni. Uraibu hubadilisha namna ubongo unavyopima raha, hofu na subira, na mabadiliko hayo hayaondoki siku mtu anapotupa sindano. Sura ya mtu wa zamani, harufu ya kichochoro, hata kijiko tu, vinaweza kuamsha hamu iliyolala miaka. Itazame tena ile episodi ukiwa na hilo akilini. Oscar hakuanza na heroini. Alianza na watu na mahali pa zamani, akamchosha, akamtia hofu na hatia, na kikopo kikaja mwisho kabisa. Walioandika ile hadithi walijua walichokuwa wakikifanya.

Taasisi ya Marekani inayotafiti matumizi ya dawa za kulevya hukadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani. Inaziweka takwimu hizo karibu na za shinikizo la damu na pumu, ambako wanaozidiwa tena ni asilimia 50 hadi 70. Mzee mwenye presha akilazwa tena, hakuna anayemuuliza mkewe, "Wewe ulikuwa wapi?"

Shangazi yangu aliulizwa. Binamu yangu alikuwa akinywa, na si kunywa kwa mwisho wa mwezi, kunywa kwa asubuhi. Shangazi alimshikia mshahara, akampekua mifuko, akawa anamsindikiza hadi steji ya matatu kama mtoto wa nasari. Binamu alikunywa tu. Katika kila mkutano wa familia kulikuwa na mjomba mmoja wa kumkazia macho shangazi na kusema mama ndiye hujua mtoto wake. Mjomba mwenyewe hajawahi kumsindikiza mtu hata hadi getini.

Marafiki wana kazi yao, na ni kubwa: mtu mwenye watu huvumilia matibabu kwa urahisi zaidi kuliko aliye peke yake, na hurudi kliniki upesi zaidi akiteleza. Ila kufuli hawawezi kuwa. Nilimwambia hivyo yule fundi. Akasema bado anamlaumu Watson kidogo. Sawa, kidogo namruhusu.

"Miaka yote imeenda bure. Amerudi sifuri."

Sifuri ya nini? Kwenye mikutano ya watu walioacha, ambayo ilianza kwa walevi huko Akron, Ohio, mwaka 1935 na sasa iko hata hapa Nairobi, siku huhesabiwa, na aliyeteleza huanza hesabu upya. Hesabu hiyo ni ya siku. Aliyejifunza kulala bila unga, kuomba msamaha, kumpigia mtu simu saa nane usiku badala ya kwenda kijiweni, hajasahau vyote kwa usiku mmoja.

Tena dhana hii huua, na hapa sitanii. Mtu aliyekaa muda mrefu bila heroini mwili wake umepoteza uzoefu. Kipimo alichokuwa akikistahimili zamani sasa kinaweza kumsimamisha kupumua. Ndiyo maana kurudia mara moja tu baada ya kuacha, au baada ya kutoka rihabu au jela, ni wakati wa hatari kubwa kuliko alipokuwa akitumia kila siku. Anayeamini kwamba yote yameharibika husema basi, nizame moja kwa moja, na huzama peke yake, mlango umefungwa. Dawa ya naloksoni huweza kumrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, lakini nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hivyo hata akifumbua macho na kukutukana, bado ni wa kupelekwa hospitali. Na haiwezi kutumika na mtu aliye peke yake sakafuni.

"Hawa Wamarekani wameongeza dawa za kulevya kunogesha hadithi."

Hapana. Arthur Conan Doyle mwenyewe alifungua The Sign of the Four, ya mwaka 1890, kwa Holmes akijidunga kokeini, na Watson akimkanya kama daktari na kama rafiki. Wakati huo kokeini iliuzwa halali Uingereza. Kwenye hadithi ya 1904, The Missing Three-Quarter, Watson anasimulia alivyomwachisha polepole kwa miaka, na anakiri kwamba lile shetani limelala tu, halijafa. Yaani zaidi ya miaka mia moja kabla ya kikopo cha Oscar, Watson wa kwanza alishajua. Kilichobadilika ni kwamba kokeini imekuwa heroini, na kwamba safari hii tumeonyeshwa kulala na kuamka kwa shetani huyo badala ya kusimuliwa kwa sentensi mbili.

"Akili kama ile haiwezi kutulia bila kitu."

Mwalimu mmoja kati yetu, tena wa hisabati, ndiye aliyesema hili. Anatuhesabia waimbaji na waandishi waliokunywa. Namwambia atuhesabie na walevi wa mtaani kwetu, atupe asilimia ya waliotunga wimbo.

Holmes wa vitabuni alijidunga alipokosa kesi, kwa uchoshi. Akiwa na kazi hakuhitaji. Naye Holmes wa Elementary, kesi zote tunazomwona akizitatua kwa misimu mitatu alizitatua akiwa safi. Heroini hupunguza kasi ya ubongo na pumzi, humtia mtu usingizi katikati ya sentensi. Ukiwahi kuwaona vijana wanaoinama wamesimama pale kando ya barabara, viuno vimekunjika na hawaanguki, utajua hakuna kesi inayotatuliwa pale.

"Mfungieni chumbani wiki moja, akauke."

Mwenye nyumba alilitoa hili kwa huruma kabisa, akiwa anakusanya vikombe. Nami nikaona nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ndilo tulilomfanyia binamu.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa kadhaa baada ya kipimo cha mwisho, hupanda juu kabisa siku ya kwanza hadi ya tatu, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki. Kutapika, kuhara, jasho, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Ni mateso, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hayaui, mradi asikaukiwe maji. Kisha wiki ikiisha hamu bado ipo, uzoefu wa mwili umepungua, na mlango unafunguliwa. Soma tena nilichosema kuhusu kipimo cha zamani.

Pombe ni jambo jingine kabisa, na watu wengi wanalichukulia rahisi kwa sababu pombe ni halali. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, joto likapanda, moyo ukaenda mbio. Hali hiyo huua. Hospitalini huzuiwa kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1.

Sisi tulimfungia binamu siku ya Ijumaa, tukampa uji. Jumapili asubuhi alikuwa akiwafukuza paka ukutani. Hatukuwa na paka. Tulimkimbiza hospitali kwa teksi ya jirani, na daktari aliyetupokea hakutugombeza, alituuliza tu ni saa ngapi alipokunywa mara ya mwisho, tukatazamana. Hakuna aliyejua. Binamu yuko hai. Siku hizi anauza simu na anatuchekea kuhusu paka, lakini shangazi bado hawezi kucheka.

"Methadoni? Hiyo ni kuacha unga na kuanza unga wa serikali."

Serikali ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotumika badala ya heroini, hospitali ya Mathari, hapa kando ya Thika Road, Desemba 2014, miezi mitano kabla ya Sherlock kukichukua kile kikopo. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya aina hiyo nchini, kisha Pwani ikafuata. Mteja hufika kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, huenda zake kazini. Dawa hiyo hufanya kazi polepole na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hivyo huzima arosto bila kumpandisha mtu kama unga unavyofanya, ikiwa kipimo kimepangwa vizuri. Hakuna sindano, kwa hivyo hakuna kuambukizana virusi vya Ukimwi au homa ya ini kwa kuchangia sindano. Hakuna kuamka ukiwaza utaiba nini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Ni kweli mwili huizoea, na kuiacha ghafla ni vibaya. Mwenye kisukari naye huitegemea insulini. Malalamiko ya kweli ninayoyasikia ni mengine: nauli ya kila siku, na mwajiri asiyeelewa kwa nini unafika saa tatu.

"Muacheni afike chini kabisa, atajirudi mwenyewe."

Chini kabisa kwa wengine ni kaburi. Matibabu yanayoanza mapema hufaa, na hata aliyepelekwa kwa kusukumwa na familia anaweza kufaidika. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na mzazi au rafiki anaweza kuipiga, hata kama mhusika mwenyewe bado anakataa.

Kwenye kona ya kochi alikuwa ameketi jamaa ambaye huwa hasemi sana. Wengi pale hawajui kwa nini huwa anakunywa soda tu hata kwenye harusi. Tulipochoka kubishana alimwomba mwenye nyumba arudishe ile sehemu ya mwisho, Sherlock ameketi juu ya paa, na Watson anapanda kumwambia kwamba baba yake anakuja. Tukaitazama tena.

"Amempandia," akasema. "Mmeona? Hajamwita ashuke."

Fundi wa friji akaomba tuendelee na msimu wa 4. Flashi ilikuwa na wa 3 tu.