Mwenye pumu asikimbie? Si kweli

Asubuhi ya Julai Nairobi, kibaridi kikiwa kimekaza, utamsikia mzazi akimwambia mwalimu wa michezo: "Huyu wangu ana pumu, usimkimbize." Nia ni njema, ila ushauri umekosea.

Mtu akikimbia hupumua kwa mdomo, haraka na kwa nguvu. Pua, ambayo kazi yake ni kupasha hewa joto na kuitia unyevu, inarukwa. Hewa baridi na kavu hufika moja kwa moja kwenye njia za hewa, hunyonya unyevu wake, na misuli inayozizunguka hukaza. Kifua hubana, kikohozi huja, na pumzi hutoa sauti kama filimbi. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi dakika chache baada ya kusimama, ndiyo maana wengine hudhani ni uchovu tu. Na inaweza kumpata hata asiye na pumu.

Dawa yake si kumkalisha mtoto kwenye benchi. Apashe mwili moto polepole, afunike mdomo kwa skafu kukiwa na baridi, na kama daktari amemwandikia, avute inhela ya salbutamol, dawa inayolegeza misuli hiyo, kama dakika 15 kabla. (Inhela haileti uraibu, uvumi huo nao umechosha.) Akiihitaji kila mara, arudi kliniki, kwani huenda pumu yenyewe haijadhibitiwa.

Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu ujana. Mwaka 2003, London, alikimbia marathoni kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu miaka 16.